Fundi, niipashe moto kwa dakika ngapi?

Hata moja. Usiifunge mashine ya gemu kwa taulo, usiipulizie kikausha nywele, na bodi yake usiitie kwenye oveni. Naulizwa hili kila mara, na anayeuliza mara nyingi waranti yake bado iko hai.

Uzushi huu wa kuponya mashine kwa joto ulishika kasi enzi za Xbox 360 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2005. Nyingi zilikufa zikiwasha taa tatu nyekundu. Wajuaji wakaona ukiifunga taulo ikachemka, baadaye huwaka, wakatangaza kwamba lehemu imeyeyuka na kushika upya. Uongo. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 217. Taulo lako halifiki huko, na mashine hujizima mapema kujinusuru. Baadaye wahandisi wa Microsoft wenyewe walieleza kuwa viungio vilikatika ndani ya chipu, kwa sababu ya kupata joto na kupoa kila inapowashwa na kuzimwa. Ukiipasha, vitu vinatanuka, ncha zilizoachana zinagusana, unashangilia. Ikipoa, zinaachana tena na ufa unazidi. Maana yake unaitibu kwa kilekile kilichoiua. Na mafundi wenzangu mnaopiga chipu hewa ya moto mkamwambia mteja imepona, mnajua vizuri mnamuuzia wiki chache tu.

Linaloudhi zaidi: Julai 2007 Microsoft ilirefusha waranti ya kasoro hiyo hadi miaka 3 tangu siku ya kununua, ikatenga zaidi ya dola bilioni 1, na waliokwisha kulipia matengenezo wakarudishiwa fedha zao. Watu bado walikuwa wanatafuta taulo!

Haya, ya kufanya. Tafuta risiti, uangalie tarehe. Sony na Microsoft kwa kawaida hutoa waranti ya mwaka 1. Piga picha namba iliyobandikwa kwenye mashine, rekodi video kosa likitokea. Parafujo usiziguse. Kama bado inawaka, hamisha gemu ulizohifadhi, kwa sababu unaweza kurudishiwa mashine nyingine kabisa. Fungua madai kwenye tovuti ya mtengenezaji, andika inachofanya na ilianza lini; nadharia zako baki nazo. Ililetwa kutoka Dubai au Ulaya? Waranti kwa kawaida hubaki nchi iliponunuliwa, basi ndugu aliyekuletea airudishe huko. Ndani ya Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa kasoro kwa muda usiopungua miaka 2. Umenunua Kariakoo na duka limekuandikia waranti? Anza na duka, kwa maandishi. Wakikuzungusha, peleka malalamiko Tume ya Ushindani ya Tanzania, FCC. Ila kama umeme ulirudi kwa kishindo ukaiunguza, au mtoto kaimwagia soda, waranti kwa kawaida haihusiki. Hapo ndipo uje kwangu.