Kompyuta Ikitokwa Jasho, Pima Kabla Hujanunua

Huenda umepata kuisikia kompyuta ya nyumbani ikivuma kama mashine ya kusaga nafaka, ilhali watoto wamelala chumba kicho hicho. Fundi akiitwa, aghalabu neno lake ni moja: nunua kipozaji kipya. Kabla hujafungua mkoba, yafaa ujue namna ya kukipima kifaa hicho, maana fedha utakayoitoa ni jasho lako.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na umeme inaoutumia hugeuka kuwa joto. Pentium ya kwanza, iliyotoka mwaka 1993, ilitumia wati zipatazo 15; Core i9-13900K ya mwaka 2022 huweza kufikia wati 253. Joto likikaribia nyuzi 95 au 100 za Sentigredi, kwa kadiri ya aina yake, prosesa nyingi za leo hujipunguzia kasi zenyewe zisije zikaungua. Hapo ndipo kazi inapozorota.

Vipozaji vingi vinavyouzwa peke yake vina mabomba membamba ya shaba yaliyopenya mabamba ya alumini. Ndani ya bomba mna kimiminika kidogo: upande wa moto hugeuka mvuke, na mvuke ukifika kwenye mabamba hupoa na kurejea ulikotoka, huku feni ikilipeperusha joto. NH-D15 ya kampuni ya Noctua ya Austria, iliyotoka mwaka 2014, ina mabomba 6 na feni 2. Kimo chake ni milimita 165, kwa hiyo sanduku jembamba halikipokei. Pima sanduku lako kwanza.

Sasa tuje kwenye majaribio. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha usafishe vumbi kwa brashi laini na kubadili grisi ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na kipozaji. Funga sanduku, uipe mashine kazi nzito kwa nusu saa, halafu andika joto la prosesa na joto la chumba. Toa la pili katika la kwanza. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha haki.

Tuchukue mfano. Kipozaji kimepimwa Ulaya katika chumba cha nyuzi 21, na prosesa ikafika 70. Tofauti ni 49. Katika chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32, prosesa hiyo hiyo itakaribia 81. Anayesoma 70 kwenye tangazo na kuridhika, amenunua mbuzi kwenye gunia.

Kelele nayo ina kipimo chake, yaani desibeli. Usiku, mtaa ukitulia, weka simu yenye programu ya kupimia sauti nusu mita kutoka kwenye sanduku, na usiihamishe. Simu si chombo cha maabara, lakini hutosha kulinganisha vipozaji viwili. Zikiongezeka desibeli 10, sikio huona kelele imekuwa kama maradufu.

Iko hila moja ya kujihadhari nayo. Feni ikizungushwa kwa nguvu zake zote, hata kipozaji dhaifu huonekana hodari. Basi rekebisha feni za vyote viwili zitoe kelele sawa, ndipo ulinganishe joto. Kipozaji bora ni kile kinachopoza bila kupiga makelele.

Ikiwa baada ya usafi ule mashine imetulia na prosesa haipunguzi tena kasi, weka fedha yako. Ada ya shule inaingoja. Lakini ikiwa joto lingali linagonga ukomo na mvumo ungali unawanyima watoto usingizi, nunua bila majuto, kwa kuwa sasa vipimo vyako mwenyewe ndivyo vilivyokushauri.