Baridi ya Julai Mumbuni: toa jiko, fungua dirisha

Saa moja asubuhi stejini Mumbuni, mwenyeji na mgeni hutambuliwa kwa jaketi. Mwendesha bodaboda amelivaa lake kinyume, mgongo mbele na zipu nyuma, ili upepo usimpige kifuani. Kofia yake ya marvin imeshuka hadi kwenye nyusi. Abiria mgeni anamcheka. Wakifika mjini Machakos, meno ya yule mgeni yanagongana na kicheko kimeisha.

Milima ya Iveti imejifunika ukungu. Siku nyingine hufunuka mwendo wa saa nne, siku nyingine inabaki hivyo hadi jioni, na ndiyo maana wengi hapa husema baridi inashuka Iveti. Haishuki huko. Inatoka mbali zaidi. Kati ya Juni na Agosti nusu ya kusini ya dunia huwa katika majira yake ya baridi, na upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukirudisha majahazi Arabuni, hupanda kutoka Bahari ya Hindi ukiwa na unyevunyevu. Ukifika nyanda za juu hutandaza mawingu mazito yaliyo chini chini, yakaziba jua mchana kutwa. Mji wa Machakos uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua likizibwa, hakuna cha kukupasha.

Wazungu wakiandika kuhusu afya wakati wa baridi huanza na giza. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza aina ya sonona inayokuja na kuondoka na msimu, mchana unapofupika. Sisi tuko digrii moja na nusu tu kusini mwa Ikweta. Jua la Julai huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua mwendo wa saa hiyo hiyo jioni, liwe limeonekana au halikuonekana. Kwa hiyo taa zao za kutibu huzuni tuwaachie wenyewe. Maradhi yetu ya Julai yana mlango mwingine, nao ni kujifungia. Tunafunga madirisha, tunaufungia moto ndani, halafu nasi tunajifungia pamoja nao.

Tuanze na moto, kwa sababu ndio unaoua haraka.

Marehemu nyanya yangu alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: jiko hulala nje. Tukipika githeri hadi usiku, tukaota makaa tukisimuliana hadithi, yote sawa. Lakini kabla ya taa kuzimwa, jiko lilitolewa likaachwa barazani na makaa yake mekundu. Sisi watoto tuliona ni uchoyo wa joto. Nilikuja kuelewa ukubwani.

Makaa hudanganya yanapokolea. Moshi unaisha, yanakuwa mekundu na mazuri kuyatazama, na mtu anaona sasa yamekuwa salama kuingizwa chumbani. Anafunga mlango, anasukumia gunia kwenye upenyo wa chini. Moshi umeisha, ndiyo, lakini kaboni monoksidi haijaisha. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida huku mwili wake ukikosa hewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinaingia, kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na wengine hawaamki. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na jiko limo ndani, msitafute dawa ya kichwa. Tokeni nje wote, kisha nendeni hospitalini.

Joto la kulalia lina njia nyingine. Chupa iliyojazwa maji ya moto yasiyochemka, ikafungwa vizuri na kuviringishwa kwenye sweta kuukuu, hupasha kitanda vizuri miguuni. Soksi, blanketi la pili, na marvin hata kitandani, hakuna atakayekuona. Marikiti mjini, jaketi za mitumba zimejaa tele msimu huu.

Dirisha nalo lina kesi yake. Muhula wa pili wa shule huangukia kwenye baridi, na darasa lenye watoto hamsini waliofunga madirisha yote ni kiwanda cha mafua. Tunasema mtoto amepigwa na baridi akashikwa na nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, na vijidudu hupenda watu waliosongamana mahali pasipo na hewa. Moshi wa jiko hukidhoofisha kifua kabla havijafika. Mvishe mtoto sweta mbili ukipenda, lakini acha dirisha wazi kidogo. Hakikisha pia amemaliza chanjo. Ile ya kuzuia nimonia imo katika ratiba ya watoto wote wa Kenya tangu 2011. Na akianza kupumua mbiombio, kifua kikiingia ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kupambazuke.

Kuna wanaopasha mwili kwa glasi. Joto la pombe ni la uongo: hupanua mishipa iliyo karibu na ngozi, mnywaji akahisi moto huku moto wenyewe ukimtoka. Anayelala kando ya njia Julai akiwa amelewa yuko hatarini zaidi kuliko mlevi wa Januari. Na eneo hili lina kumbukumbu yake chungu. Juni 2005 zaidi ya watu 40 walikufa Machakos baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Sitasema wote walikuwa wakikimbia baridi. Nasema tu kwamba ulikuwa mwezi Juni.

Chakula sina mengi ya kumfundisha Mkamba. Huu ndio msimu wa mbaazi mbichi, nzuu, na sufuria ya muthokoi uliochanganywa na nzuu haihitaji mtaalamu wa lishe kuisifu. Ninachokumbusha ni maji. Kwenye baridi kiu hupotea, mtu anapitisha siku kwa vikombe viwili vya chai, kisha anashangaa kichwa kinamgonga na haja kubwa imegoma. Kunywa maji ya uvuguvugu. Na ngozi ikipasuka, mafuta mazito ya bei rahisi yanatosha. Arimis ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, lakini nani asiyejua ilivyookoa visigino vya Wakenya?

Wazee wetu wanahitaji jicho la ziada. Baridi huibana mishipa ya damu, presha ikapanda, hata kwa yule ambaye Februari daktari alimwambia yuko sawa. Ndio mwezi mbaya kabisa wa kuruka dawa. Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Muulize mzee wa kijiji mhudumu wa eneo lenu ni nani, apite kwa mama.

Sasa moyo. Kilimo kimesimama, mahindi yameshavunwa au yameshakauka, na mvua iko mbali hadi Oktoba. Kwa mtu anayeishi peke yake, watoto wakiwa Nairobi, siku ya mawingu ni ndefu kuliko saa zake.

Lakini angalieni waliotutangulia walivyoutumia msimu huu huu. Kiangazi hiki cha baridi kilikuwa wakati wa kuchimba matuta, na matuta hayakuchimbwa na mtu mmoja. Yalichimbwa na mwethya, kundi la majirani likihama kutoka shamba la huyu hadi la yule, nyimbo juu, majembe chini. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitazama milima hii wakaiona ardhi iliyokwisha kufa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos wakionyesha kinyume: watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wasomi husifu udongo uliookolewa. Mimi hujiuliza ni watu wangapi waliookolewa na kule kuamshwa asubuhi ya ukungu, kuitwa kwa jina, kutokwa jasho na wenzao, kisha kula pamoja.

Hakuna anayetuzuia kufanya hivyo tena. Chama kikutane juani badala ya sebuleni. Ukihisi uzito, tembea hadi kwa jirani hata kama huna la kumwambia. Mzee ambaye hajaonekana kanisani Jumapili mbili, apigiwe hodi. Wanaume ndio nawaombea zaidi. Tunajua kuulizana bei ya ng'ombe, hatujui kuulizana usingizi.

Uzito ukizidi wiki mbili, usingizi ukitoweka au mawazo ya kujiua yakianza kunong'ona, hilo ni jambo la hospitali kama malaria. Woga wa polisi usikuzuie: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Na kama huna wa kuongea naye usiku huu, simu ya ushauri ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Haitozwi pesa.