Milima ya Kasulu, Kibondo inavyokula bei ya maharage

ABIRIA aliyesafiri kwa basi kati ya Kasulu na Kibondo enzi za barabara ya vumbi hawezi kuisahau sauti ya gia namba moja. Dereva alishusha gia mapema kabla ya kuufikia mlima, injini ikanguruma, moshi mweusi ukatanda nyuma, na mwendo ukapungua hadi mtoto anayekwenda kisimani akawa analipita basi. Wakati huo utingo alikuwa ameshashuka, anakimbia sambamba na tairi la nyuma akiwa na kipande cha gogo mkononi, tayari kukitegesha iwapo gari litaanza kurudi chini.

Januari 2010 nilikuwa ndani ya basi la namna hiyo, nikirudi shule baada ya likizo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Katikati ya mlima tairi zikaanza kuzunguka bila gari kusogea, na kondakta akapiga kelele: "Wanaume wote chini! Akina mama wenye watoto wabaki." Tukashuka kwenye tope. Yakashushwa na magunia ya maharage yaliyokuwa juu ya keria, tukayapandisha mlima kwa kuyabeba wawili wawili.

Mama mmoja, mwenye gunia mojawapo, alimsogelea kondakta akamuuliza kwa upole: "Mwanangu, gunia nimelilipia nauli, mbona linatembea kwa miguu?" Watu walicheka sana. Sikusikia kondakta akimjibu.

Miaka mingi baadaye, baada ya kusomea uchumi wa kilimo, naona kuwa lile halikuwa swali la kuchekesha. Mama yule alikuwa akiuliza ni nini hasa alichokilipia, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini maharage ya milimani hununuliwa kwa bei ya chini kuliko yale yale yakifika mjini.

Jibu la haraka ambalo wasafirishaji wengi hulitoa ni kwamba mlima unakula mafuta. Tulipime jibu hilo kwa hesabu. Basi lenye uzito wa tani 10, pamoja na abiria na mizigo, likipanda kimo cha mita 100 kwenda juu hutumia takriban lita moja ya dizeli kwa kazi hiyo ya kupanda, ukichukulia kwamba injini hugeuza kiasi cha asilimia 30 tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta kuwa mwendo. Tukikadiria lita moja kuwa Sh3,000, gunia la kilo 100, ambalo ni sehemu moja ya mia ya uzito wote, linapaswa kuchangia Sh30. Mlima ukiwa wa mita 300, mchango wake ni Sh90.

Hakuna kondakta anayebeba gunia kwa Sh90, wala haongezi Sh90 tu kwa sababu ya mlima. Kwa hiyo fedha anayoilipa mkulima inakwenda mahali pengine.

Inakwenda kwanza kwenye utelezi. Nyanda za juu za Kigoma zimeinuka mbali juu ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko zaidi kidogo ya mita 770 kutoka usawa wa bahari. Sehemu za juu za Kasulu, Kibondo na Buhigwe huvuka mita 1,300, na katikati yake kuna mabonde ya mito inayoelekea Malagarasi, hivyo barabara hushuka na kupanda tena na tena. Katika miinuko hiyo injini isiyo na tabo hupoteza nguvu, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwenye mita 1,500 upungufu unaweza kukaribia asilimia 15. Lakini hata injini yenye nguvu haina ujanja juu ya udongo mwekundu uliolowa.

Chukua basi lile lile la tani 10 kwenye mlima unaopanda mita moja kila baada ya mita 10. Uzito wa mlima pekee unalivuta nyuma kwa nguvu ya tani moja, na tope likiongeza nusu tani, tairi zinatakiwa kusukuma kwa nguvu ya tani moja na nusu. Tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, nazo hubeba kama theluthi mbili ya uzito wa gari. Utelezi ukiwa mkubwa, zinaweza kushika ardhi kwa nguvu isiyozidi tani moja na theluthi. Pengo hilo dogo ndilo linalolala njiani na abiria.

Hapa niongeze jambo ambalo wasafiri wengi wamelishuhudia bila kujua sababu yake. Abiria wakishuka na kusimama kando kutazama, gari linaloteleza halisaidiki sana, kwa sababu likipungua uzito, mshiko wa tairi nao unapungua. Kinachosaidia ni kusukuma. Watu 40, kila mmoja akisukuma kwa nguvu ya kilo 15 tu, wanaongeza zaidi ya nusu tani.

Pili, fedha inakwenda kwenye muda. Tuchukue mfano wa basi ambalo mkopo, bima, mishahara na matengenezo yake ni Sh200,000 kwa siku, bila mafuta. Likifanya safari mbili zenye abiria 40 kila moja, kila abiria anabeba Sh2,500 ya gharama hizo. Likikwama na kufanya safari moja, mzigo unakuwa Sh5,000. Mwenye basi hasubiri likwame ndipo apandishe nauli. Anaweka hofu ya kukwama ndani ya nauli tangu asubuhi, hata siku ambayo jua linawaka. Hapo hujagusa klachi iliyoungua wala springi iliyovunjika.

Kinachouma zaidi ni kalenda. Mvua za Kigoma huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi Mei. Maharage hulimwa mara mbili, na yale ya msimu wa kwanza huvunwa kuelekea Januari, yaani mkulima anakuwa na mzigo wa kuuza, na karo ya shule ya kulipa, katika wiki zile zile ambazo mlima haupitiki. Mnunuzi mwenye Fuso akifika kijijini siku hiyo anajua kwamba yuko peke yake. Yeye ndiye anayetaja bei.

Ndiye pia anayekuja na lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipigia kelele jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Lakini maadamu mzigo unatozwa kwa gunia na si kwa kilo, mfanyabiashara ana sababu ya kulishindilia hadi liote kichwa, na mkulima anatoa kilo za bure ili gharama ya mlima iwe ndogo kwa mwingine. Elimu ya vipimo peke yake haitaliondoa hilo.

Barabara hii imepitia mengi. Tangu miaka ya 1990 malori ya chakula cha wakimbizi wa Burundi na Kongo yalikuwa yakipita kila siku kwenda kambi kama Nyarugusu, Mtabila na Nduta, na kila masika yaliacha mahandaki yenye kina cha goti. Ulikuwapo na ujambazi wa silaha, na mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Mlimani, ambako basi linatambaa, ndiko abiria walikokaa kimya zaidi.

Mambo yamebadilika katika barabara kuu. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa pamoja wa Tanzania na Burundi, ambao kwa upande wetu ulihusu kilomita 260 kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu mpakani. Kazi iligawanywa katika vipande vinne, na lami imekuwa ikisogea kipande kwa kipande. Juu ya lami, hata iliyolowa, tairi hushika ardhi mara mbili au zaidi ya vile zinavyoshika tope, na mlima ule ule basi linaupanda bila abiria kusimamisha mazungumzo.

Lami hata hivyo imeleta mtihani wa upande wa pili wa mlima. Basi la tani 10 likishuka kimo cha mita 100 kwa kutegemea breki peke yake, joto linaloingia kwenye breki linatosha kuchemsha ndoo moja na nusu ya maji. Wapo madereva wanaoachia gari nyutro wakidhani wanaokoa mafuta. Hawaokoi kitu cha maana, kwa sababu injini ya dizeli ikiwa kwenye gia na dereva ameachia mafuta, karibu haitumii dizeli kabisa wakati wa kuteremka, na wakati huo huo inasaidia kulishikilia gari. Zamani tope lilimlazimisha dereva kwenda polepole, sasa halipo.

Na zaidi ya hapo, maharage hayalimwi kando ya lami tu. Yanatoka vijiji vya ndani, kama vile vya upande wa mpaka wa Burundi, Heru Ushingo na jirani zake, ambako njia iko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Huko basi dogo, Probox na bodaboda bado zinaheshimu mlima. Ukiwa na kilomita 15 za njia ya kijiji, zinaweza kuwa mita 400 tu ndizo zinazoamua kama gari litafika Januari au halitafika.

Maoni yangu ni kwamba bajeti ya halmashauri inatumika vibaya pale greda linapopita kilomita zote 15 kila mwaka, likakwangua tambarare isiyo na tatizo, kisha mvua ya kwanza ikarudisha mlima ulivyokuwa. Afadhali mita zile 400 zimwagiwe zege au zipangwe mawe, pamoja na mitaro ya kutoa maji pembeni, na kilomita zilizobaki zisubiri. Wazo hili si geni nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 barabara ya Lawate hadi Kibongoto, wilayani Siha, ilijengwa kwa majaribio ya aina mbalimbali za tabaka gumu, zikiwemo njia mbili za zege za kupitisha magurudumu kwenye miinuko. Kigoma kwenyewe TARURA imejenga madaraja ya mawe yanayotumia mawe na mafundi wa maeneo hayo hayo, kwa gharama ndogo kuliko ya madaraja ya zege. Mafundi wanaojua kupanga jiwe wapo, na mawe yapo.

Kipimo cha mahali pa kuanzia hakihitaji mtaalamu kutoka mbali. Diwani akae kando ya njia ya kijiji chake siku moja ya mvua, aandike ni wapi utingo anashuka na gogo, na ni wapi magunia yanashushwa kwenye keria. Kisha aulize bei ya debe la maharage chini ya mlima huo, na juu yake.