Tarime na Serengeti Katika Rafu Tatu za Vitabu

Msomaji wa kawaida, yaani yule anayesoma kwa kupenda wala si kwa ajili ya mtihani, huvigawa vitabu kwa kufuata ahadi vinazotoa. Kitabu cha historia humwahidi ukweli uliochunguzwa; tawasifu, ambayo ni maisha ya mtu yakisimuliwa na mwenyewe, humwahidi ukweli alioushuhudia mmoja; na bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi inayojengwa juu ya maarifa au mitambo ambayo dunia bado haijaipata, haimwahidi ukweli wowote. Mgawanyo huo unafaa dukani na maktabani, lakini ukipelekwa katika wilaya za Serengeti na Tarime mkoani Mara huanza kuyumba, kwa sababu kitabu kilichoitangaza nchi hiyo duniani kuliko vingine kilisawiri nchi ambayo haikuwahi kuwapo, ilhali masimulizi ya wenyeji, ambayo wageni wengi waliyahesabu kuwa ngano, yamehifadhi historia inayostahimili uchunguzi.

Kitabu hicho ni Serengeti darf nicht sterben, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1959 na Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na filamu ya jina hilohilo iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kwa upande mmoja ni kazi ya sayansi, kwani Grzimek na mwanawe Michael walizunguka kwa ndege ndogo iliyopakwa rangi za pundamilia, wakahesabu wanyama na kufuatilia njia zao. Kwa upande wa pili ni kumbukumbu ya baba aliyefiwa: Michael alifariki tarehe 10 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 24, ndege hiyo ilipogongana na tai, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo baba yake naye alikuja kuzikwa baada ya kufariki mwaka 1987. Huzuni hiyo inakipa kitabu nguvu ambayo takwimu peke yake zisingeweza kukipa, na ni vigumu kumlaumu msomaji anayefumbwa macho nayo asione kinachotendeka kando yake, yaani kwamba Serengeti inachorwa kuwa nchi ya wanyama tangu azali, ambamo mtu, hata mfugaji aliyezaliwa humo, ni mgeni anayepaswa kuondoka. Mmarekani Stewart Edward White, mwindaji aliyepita huko mwaka 1913 na kuchapisha kitabu mwaka 1915, alikwisha kuitangulia picha hiyo kwa kujinadi kuwa ameifikia nchi ambayo hakuna aliyeigusa.

Utupu aliouona White ulikuwa na historia, tena fupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa virusi unaoshambulia ng'ombe pamoja na jamaa zao wa porini kama nyati na nyumbu, ulipita Afrika Mashariki ukateketeza mifugo. Njaa na ndui vikafuata, watu wakapungua na kuhama, vichaka vikaota palipokuwa malisho na mashamba, na mbung'o wakaenea. Nyumbu wenyewe waliongezeka sana pale tu chanjo ya ng'ombe ilipoufukuza ugonjwa huo katika miaka ya 1960, hata idadi yao ikapanda kutoka takriban robo milioni hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Makundi makubwa ambayo mtalii huyatazama kama dunia ya kabla ya binadamu yamefikia wingi huo wazee wengi wa Mugumu, mji wa Wilaya ya Serengeti, wakiwa tayari watu wazima.

Dhidi ya picha hiyo, rafu ya historia ina vitabu viwili vya mwanahistoria Jan Bender Shetler: Telling Our Own Stories cha mwaka 2003, chenye historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini wenyewe, na Imagining Serengeti cha mwaka 2007. Hoja ya kitabu hiki cha pili ni kwamba Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme waliihifadhi historia yao katika mahali, yaani katika vilima, chemchemi na mahame ambayo kila moja lina jina na kisa chake. Simulizi ya Wanata juu ya asili yao humkutanisha Nyamunywa, mwanamume mwindaji, na Nyasigonko, mwanamke mkulima. Anayeisikia kama ngano ya Adamu na Hawa wa porini hupitwa na jambo kubwa, kwa kuwa ndani yake mna kumbukumbu ya jamii za uwindaji na za kilimo zilivyokutana na kuchanganyika. Historia iliyofungwa katika mahali ina udhaifu mmoja mkubwa: mpaka wa Hifadhi ya Serengeti ukiwekwa katikati, kama ulivyowekwa baada ya mwaka 1951 na tena katika miaka ya 1960 eneo la Lamai, kaskazini mwa Mto Mara, lilipoingizwa hifadhini, mjukuu hukua bila kukanyaga kilima ambacho babu anakitaja.

Rafu ya tawasifu ndiyo yenye vumbi kidogo kuliko zote, kwa sababu haina kitu cha kukusanya vumbi. Kiswahili kina mifano mizuri ya aina hiyo, kuanzia maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, kupitia Maisha Yangu ya Shaaban Robert, hadi Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu ya Rais wa zamani Ali Hassan Mwinyi, iliyozinduliwa mwaka 2021, lakini wanaoandika ni mashuhuri, na kutoka Tarime husikika zaidi sauti za watafiti. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika Kuria Cattle Raiders cha mwaka 2000, alieleza kwa makini jinsi wizi wa ng'ombe ulivyofungamana na biashara ya kuvuka mpaka wa Kenya na utumishi wa jeshi. Ni kitabu chema, ila askari Mkurya, yaani wa kabila la wenyeji wa Tarime, aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 anaingia humo kama mfano wa hoja, na mkewe aliyebaki na zizi haingii kabisa kwa sauti yake mwenyewe.

Kuhusu bunilizi ya kisayansi, Kiswahili hakikuanza jana. Shaaban Robert aliitundika Kusadikika angani mwaka 1951. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe ng'ambo ya maji, aliandika Mzingile mwaka 1991. Na Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha angani mtu aliyehukumiwa kifo, akamfikisha katika nchi ya usawa. Malighafi ya Mara inawazidi wote hao kwa ukaribu, kwa maana kandokando ya Hifadhi ya Serengeti ndege ndogo zisizo na rubani zimekwisha kujaribiwa kufukuzia tembo mashambani, na huko Nyamongo, wilayani Tarime, mitambo ya dhahabu inanguruma karibu na malisho. Hata kalenda ipo. Wakurya hugawanywa katika amakora, yaani vizazi vyenye majina yanayozunguka katika mizunguko miwili ya majina manne manne, ambapo mwana wa Msaai huwa Mnyambureti, mjukuu Mgamunyeri, kitukuu Mmaina, na kilembwe hurudi kuwa Msaai. Mhusika wa riwaya ya karne ijayo angekuwa na jina la kizazi chake tangu leo, kabla hata mwandishi hajaamua kama Nyamongo ya wakati huo itakuwa bado na dhahabu au itabaki na shimo tu.