Sura ya 4: Mzinga Hauzai

Mpango wa sura hii ulikuwa mwepesi. Tungeanzia bandari ya Sunda Kelapa, kaskazini mwa Jakarta, ambako majahazi ya mbao bado yanapakia mizigo. Kutoka hapo tungepita maghala ya viungo ya Waholanzi, tukaingia uwanja wa Fatahillah katikati ya Kota Tua, halafu tukashika njia ya kusini hadi Jumba la Makumbusho la Taifa na mnara wa Monas. Tutajaribu. Ila kila ninapozungumza juu ya mji huu naulizwa maswali yale yale, na karibu yote yamesimama juu ya uongo. Bora tuuondoe njiani kwanza.

Uongo wa kwanza ni miaka 350. Utaambiwa na dereva wa teksi, na utaukuta hata vitabuni, kwamba Waholanzi waliitawala Indonesia miaka 350. Hesabu yenyewe ni ya kuchekesha: meli za Cornelis de Houtman zilitia nanga Banten mwaka 1596, uhuru ukatangazwa 17 Agosti 1945, basi ukitoa na kukadiria umepata 350. Tangu lini mtu aliyeshuka melini kutafuta pilipili manga akawa mtawala siku hiyo hiyo? Jayakarta yenyewe, kama mji huu ulivyoitwa zamani, haikutekwa na Jan Pieterszoon Coen wa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki hadi 1619, alipoiteketeza na kujenga Batavia juu ya majivu yake. Nje ya kuta za Batavia palibaki masultani wenye nchi zao, waliopigana na Kampuni ya Kiholanzi leo na kuwekeana nayo mikataba kesho. Kampuni ikafa kwa madeni mwishoni mwa 1799. Vita vya Aceh vilianza 1873 na kuingia karne ya 20. Klungkung, kule Bali, iliangushwa 1908, na Wajapani wakaingia 1942. Kwa mtu wa Klungkung, basi, Mholanzi alitawala miaka 34. Mwanahistoria wa sheria G. J. Resink aliyaeleza haya zamani, kwa ushahidi, lakini 350 ni namba tamu jukwaani na haijashuka mpaka leo.

Uongo wa pili unakusubiri ndani ya jengo la zamani la manispaa pale Fatahillah, ambalo sasa ni Jumba la Makumbusho la Historia ya Jakarta. Lilijengwa kati ya 1707 na 1710, na aliyelizindua ni Gavana Mkuu Abraham van Riebeeck, mzaliwa wa Afrika: baba yake, Jan, alikuwa mkuu wa kituo cha Kampuni pale Rasi ya Tumaini Jema. Chini ya jengo kuna mahabusu ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima. Hapo waongoza watalii hupunguza sauti na kukuambia kwamba Mwanamfalme Diponegoro alifungwa humo, na kwamba usiku husikika vilio.

Diponegoro hakufungwa humo. Alikamatwa Magelang Machi 1830, alipokwenda kwenye mazungumzo ya kumaliza Vita vya Java, alivyoviongoza dhidi ya Waholanzi, akaletwa Batavia na kuwekwa vyumba vya juu vya jengo hili, hadi Mei aliposafirishwa uhamishoni Manado. Mahabusu ya chini yalikuwa ya watu wasio na cheo, ndiyo maana hawasimuliwi. Na wanaotaka kutishika wana mambo ya kweli ya kuwatisha. Oktoba 1740 Wachina wa Batavia waliuawa kwa maelfu, na wafungwa na wagonjwa waliolazwa hawakusazwa. Mji wenye historia kama hiyo hauhitaji mizimu ya kubuni.

Uongo wa tatu ni wa mzinga, na hapa msomaji anivumilie, maana nimeipenda mizinga tangu ujana.

Unaitwa Si Jagur, na uko pale pale eneo la Fatahillah. Ni shaba nyeusi tupu, uzito wake kama tani 3 na nusu. Tako la mzinga, yaani upande wa nyuma unaokaa kwa mpigaji, limesubiwa kwa umbo la ngumi iliyokunjwa, dole gumba likichungulia kati ya kidole cha shahada na cha kati. Kwa Wajakarta ishara hiyo ni ya tendo la ndoa. Basi ikavumishwa kwamba mzinga huu huwapa watoto wanawake wasiozaa: wakaja na maua, wakaukalia, wakaupapasa. Hata sasa wageni huushikashika huku wakicheka, na ngumi inang'aa kuliko mwili mzima wa mzinga.

Inang'aa kwa sababu mikono husugua ukungu wa shaba. Basi.

Ushahidi uko juu ya mzinga wenyewe. Mzinga ulisubiwa Macau na Wareno, dola ile ile iliyoanza kujenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Ukapelekwa kulinda Malacca, na Waholanzi walipoiteka Malacca mwaka 1641 wakauchukua na kuuleta Batavia. Umeandikwa kwa Kilatini kwamba umezaliwa upya kutokana na nafsi yake. Wapenda miujiza hudaka neno "kuzaliwa" na kupiga vigelegele. Fundi anasoma kitu kingine: mzinga huu umeyeyushwa kutoka mizinga ya awali.

Na hilo ndilo lililoifanya shaba nyeusi ipendwe. Mzinga wa chuma ulikuwa rahisi kwa bei, lakini ulioza kwa chumvi ya bahari, na ukichoka ungeweza kupasuka ghafla na kuua wapigaji wake. Wa shaba nyeusi, mchanganyiko wa shaba na bati, mara nyingi huvimba au kuchanika kwanza, ukampa mpigaji onyo. Ukishachakaa hautupwi, unarudishwa tanuruni kama sufuria mbovu kwa fundi, na madini yote yanabaki.

Dole gumba nalo lina asili yake. Kwa Wareno ngumi ya namna hiyo ni kinga ya kijicho. Watu huivaa shingoni kama hirizi. Kwa hiyo ushirikina ulianzia kiwandani, ila ulihusu husuda, haukuhusu uzazi. Na hirizi yenyewe ilifanya kazi gani? Mzinga wenye kinga ya kijicho ulitekwa pamoja na mji uliopaswa kuulinda.

Nafasi yangu imekwisha mzingani. Maghala ya viungo, ambayo sasa ni Museum Bahari, yaliungua sehemu mwaka 2018, lakini kuta na boriti zilizobaki zinatosha kukuonyesha Kampuni ilikuwa nini hasa: stoo. Monas ina urefu wa mita 132 na foleni ndefu. Ukiikosa hujakosa kitu. Jumba la Makumbusho la Taifa, lenye tembo wa shaba aliyetolewa zawadi na Mfalme Chulalongkorn wa Siam mwaka 1871, usilikose. Jumatatu makumbusho haya hufungwa. Nenda siku nyingine, soma maandishi yaliyo juu ya vitu kabla ya kumsikiliza mwongozaji, na mzinga usiukalie.