Haki ya Kusema "Sitaki"

Wako wanafunzi wasemao kwamba riwaya za kale za Kiingereza ni hadithi za mabinti wanaocheza dansi na kungoja kuolewa, wala hazituhusu sisi wa Kampala. Nadhani hawakuzisoma vema. Ndani ya vitabu hivyo limo swali ambalo hata kwetu halijaisha kujibiwa: je, mwanamke asiye na mali aweza kusema "sitaki"?

Tuanze na Pride and Prejudice, kitabu cha Jane Austen kilichopigwa chapa mwaka 1813. Bwana Bennet ana mabinti watano, hana mwana wa kiume. Shamba lake lina sharti la kurithiwa na mwanamume tu. Basi akifa, nyumba na ardhi vitakwenda kwa jamaa yake, kasisi Collins. Collins huyo anamposa Elizabeth, binti wa pili, naye anakataa. Msomaji asiyekumbuka habari ya urithi hucheka tu. Bali anayeikumbuka huona kwamba binti huyu ameikataa hata nyumba aliyozaliwa. Baada ya siku chache Collins anamposa Charlotte Lucas, rafiki yake Elizabeth, mwenye umri wa miaka 27, naye anakubali. Hampendi, ataka makao. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Charlotte alilijua jambo hilo.

Kitabu cha pili ni Jane Eyre, kilichotoka mwaka 1847. Mwandishi wake, Charlotte Brontë, alijificha nyuma ya jina la Currer Bell, akichelea kwamba kazi ya mwanamke haitahukumiwa kwa haki. Jane ni yatima, mwalimu wa mtoto katika nyumba ya tajiri Rochester, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka. Rochester ataka kumwoa, lakini siku ya arusi yajulikana kwamba anaye mke aliye hai. Jane anaondoka na shilingi 20 tu, anazitoa zote kwa nauli ya gari la farasi, kisha njaa yamshika hata kuomba chakula. Kukataa kwake kulikaribia kumwua. Baadaye anarithi pauni 20,000 kutoka kwa baba yake mdogo, anazigawa sawasawa na binamu zake watatu, ndipo anamrudia Rochester, ambaye mkewe amekwisha kufa. Mara hii aja kwa hiari yake, si kwa shida.

Waandishi hawa hawakubuni taabu hiyo. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa, karibu mali yake yote, hata mshahara, ilikuwa ya mumewe. Sheria ya mwaka 1870 ilimwachia ujira wake, na ile ya mwaka 1882 ikampa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe.

Sasa tutazame kwetu. Bibi Sarah Ntiro, aliyepata shahada Oxford mwaka 1954, aliporudi kufundisha Uganda alikataa kupokea mshahara mdogo kuliko wa wanaume wenye elimu kama yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya sheria ya urithi vilivyowabagua wanawake, na mwaka 2022 Bunge likairekebisha sheria hiyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahari yenyewe ni halali, lakini kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Maana mke ambaye jamaa zake hawana ng'ombe wa kurudisha, ataondokaje katika nyumba ya mateso?

Lakini sheria haigawi shamba peke yake. Wagawao ni baba na kaka. Basi, wenzangu, tukisoma habari za mabinti wa Bennet, tuwakumbuke dada zetu. Nanyi wanafunzi wa zamani, mlio na nyumba na viwanja, andikeni wasia mapema, na majina ya mabinti zenu yawemo.