Kompyuta Isiyotambua Kibodi na Kipanya

Miongoni mwa hitilafu za kompyuta, iko moja inayomfadhaisha mtumiaji kuliko nyingine: mashine imewaka, kioo kinaonyesha picha, lakini vitufe vikibonyezwa havijibiwi, wala kishale hakisogei. Mashine i hai, ila imeziba masikio. Hofu humshika hasa mwanafunzi ambaye tasnifu yake imo ndani, au mtafiti aliyenakili humo ngano na methali alizozikusanya kwa miezi. Akimkimbilia fundi mwenye haraka, aghalabu huambiwa kwamba diski ifutwe na programu ziwekwe upya. Dawa hiyo hutolewa kabla ugonjwa haujajulikana, nayo huharibu kitu kilichokuwa kizima, kwani kunyamaza kwa kibodi peke yake si dalili ya kuharibika kwa diski.

Swali la kwanza, basi, ni hili: kibodi hunyamaza wakati gani? Kompyuta ikiwashwa hupita hatua mbili. Kwanza huamka programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao-mama, yaani BIOS au mrithi wake UEFI, ambayo hukagua viungo vya mashine. Kisha programu hiyo huukabidhi usukani mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows au Linux. Mara tu mashine inapowashwa, mtumiaji abonyeze mfululizo F2 au Delete, kufuatana na mtengenezaji. Ukurasa wa mipangilio ukifunguka, na mishale ya kibodi ikafanya kazi humo, ni dhahiri kwamba kibodi, waya na tundu ni vizima. Kosa litafutwe katika mfumo. Usipofunguka, yafaa kuanza na vitu vinavyoshikika kwa mkono.

Hapa taa ndogo za kibodi zina ushahidi mzuri. Taa ya Caps Lock kwa kawaida huwashwa kwa amri ya kompyuta, haijiwashi yenyewe. Ikiitika, mazungumzo yapo. Taa nyekundu chini ya kipanya haina uzito huo, kwani huthibitisha tu kwamba umeme umefika.

Tena, kibodi na kipanya vikifa kwa pamoja, si rahisi kuamini kwamba vyote viwili vimevunjika saa ile ile. Kitafutwe wanachoshirikiana: kigawanyio cha USB, kipokezi kimoja cha vifaa visivyo na waya, au matundu ya upande mmoja wa mashine. Waya zihamishiwe matundu ya nyuma, moja kwa moja, bila kigawanyio. Betri za vifaa visivyo na waya zibadilishwe. Kisha kibodi ijaribiwe katika kompyuta ya jirani. Jaribio hilo la dakika moja hukata maneno mengi.

Mashine za zamani zina jambo lao. Tundu la mviringo la PS/2, lililoletwa na IBM mwaka 1987, lina pini sita. Baadaye zambarau ikawa rangi ya kibodi na kijani ya kipanya. Kwa kuwa maumbo yake ni sawa, ni rahisi kuyabadilisha kwa makosa. Tundu hilo halikukusudiwa kuchomekwa waya wakati mashine inawaka, tofauti na USB iliyotokea mwaka 1996. Kwa hiyo mashine izimwe, waya uchomekwe, ndipo iwashwe. Ikiwa saa ya mashine nayo imerudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya ubao-mama imekwisha, na huenda mipangilio ya BIOS ihusuyo USB imepotea pamoja nayo. Baada ya umeme kukatika ghafla, husaidia pia kuchomoa waya wa umeme na kukibonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika.

Upande wa mfumo, kosa huwa ni kukosekana kwa kiendeshi, yaani programu inayofasiri lugha ya kifaa. Windows 7 ya mwaka 2009 haikuwa na kiendeshi cha USB 3.0; wengi walioiweka katika mashine mpya waliona kibodi iliyokuwa ikisikika katika BIOS ikinyamaza katikati ya kazi. Oktoba 2025, sasisho moja la Windows 11 lilivinyamazisha vifaa vya USB ndani ya sehemu ya uokoaji pekee, pale hasa mtu anapovihitaji, na Microsoft ikatoa marekebisho siku chache baadaye. Katika visa hivyo viwili, kibodi hazikuwa na ila.

Hitilafu hii isichanganywe na kibodi inayosikika vibaya. Kongo imezoea mpangilio wa AZERTY; mfumo uliowekwa kwa QWERTY huandika Q pahali pa A, na W pahali pa Z. Nywila hukataliwa, na mtu hudhani kibodi imekufa. Aiandike kwanza mahali ambapo herufi zinaonekana.

Yote yakishindikana, kazi iokolewe kabla ya mfumo kuwekwa upya. Kibodi ikisikika katika BIOS, Linux yaweza kuanzishwa kutoka kidiski cha USB na faili zikanakiliwa. Isiposikika kabisa, diski ifunguliwe na kusomwa katika kompyuta nyingine. Ila kama ilifungwa kwa BitLocker, mwenyewe awe na ufunguo wake wa uokoaji, wenye tarakimu 48.